Kisima cha Mohamedali

Jumamosi, tarehe 7 Septemba 2024. Asubuhi hiyo anga la Mtwara lilikuwa na ukungu mwepesi, kusi ikivuma taratibu, na harufu ya maua ya mikorosho ilikuwa imeshuka mpaka mitaa ya Magomeni. Jua lilichomoza jekundu, kisha likajificha kidogo, kama mgeni aliyebisha hodi kabla wenyeji hawajafagia.

Kubra aliswali alfajiri, akabaki juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakuomba mengi. Aliomba jambo moja tu: kisima cha baba yake kisifukiwe.

Kisima hicho kilikuwa uani, nyuma ya duka la familia yao la vifaa vya uvuvi. Baba yake, marehemu Mohamedali, alikichimba mwaka ambao mvua zilikataa, akakiwekea mlango wa pembeni unaotazama mtaani, ili anayetaka maji achote bila kupita dukani wala kuomba ruhusa. Alikitoa sadaka, ile sadaka inayoendelea kumletea mtu thawabu hata akishalala kaburini. Hakukuwa na malipo, wala zamu, wala dini. Kilichodaiwa kilikuwa neno moja tu: kila aliyenyanyua ndoo yake alisema, "Mungu amrehemu mzee." Waislamu walisema, Wakristo walisema, hata watoto walisema huku wakimwagiana maji. Na mama yake Kubra, Hajrabai, ambaye macho yalikuwa yamemfifia kwa uzee, alikaa dirishani kila siku akiyasikiliza maneno hayo kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati.

Sasa tazama mambo ya dunia. Mikono ileile iliyochimba kisima ndiyo iliyokidhuru. Uani humohumo Mohamedali alikuwa akivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi, ile metali nzito iliyomo ndani yake, ili asubu chubwi, vile vizito vinavyoshusha nyavu. Chubwi zake zilisifika. Wavuvi walizifuata kutoka Msimbati, na wengine kutoka huko Ruvuma inakomwagika baharini. Tindikali ya betri ilimwagwa pembeni mwa ukuta, majivu yalitupwa hapohapo, na mvua ilifanya iliyobaki. Mzee hakujua. Alipokufa, Hatim, mdogo wake Kubra, aliendelea na kazi, naye hakujua.

Walijua mwaka jana, mjukuu wa jirani yao Rukia alipoumwa tumbo wiki baada ya wiki, akawa mweupe wa midomo, na hospitali ikaona risasi katika damu yake. Mtoto alitibiwa, akapona, akarudi kucheza. Lakini Bwana Lukasi, afisa wa maji, alikuja na chupa zake, akapima, akafunga ule mlango wa mtaani kwa mnyororo. Udongo wote wa uani ulichimbwa na kupelekwa mbali ndani ya mapipa yaliyofunikwa. Moto wa chubwi ulizimwa usiwashwe tena. Hata hivyo maji yaliendelea kuonyesha risasi, mara nane ya kiwango kinachoruhusiwa. Basi ofisi ikaamua: Septemba ikiisha bila mabadiliko, fundi atakuja na zege, kisima kijazwe, mambo yaishe.

Tangu siku ya mnyororo Hajrabai aliuliza kila jioni, "Leo watu wamechota?" Kubra alijibu, "Bado, Mama."

*

Kubra alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, mwenye uso wa upole na ulimi usiokimbilia kusema. Shule aliiachia darasa la saba ili asaidie dukani, na baada ya kufiwa na mumewe akajiandikisha masomo ya jioni, katika shule moja ya Rahaleo, pamoja na mabaharia, mama lishe na askari wa ulinzi. Hatim alimtania kwa hilo. Alisema dada yake amenunua miwani ili aone ujana wake ulikopotelea.

Mwalimu wa kemia alikuwa Erasto, mtu wa Rungwe, Mkristo wa Kimoraviani, mrefu kama mnazi na mwenye mazoea ya kufumba macho kidogo kabla ya kuanza kipindi. Wanafunzi walijua anasali, nao wakanyamaza mpaka amalize. Mchana alifundisha chuo, na kwa muda mrefu alikuwa akitafiti namna ya kutoa metali nzito kwenye maji bila kutumia vimiminika vya sumu. Jioni moja alilieleza darasa jambo ambalo Kubra hakulisahau. Alisema viwandani watu hutoa metali kwa viyeyushi vinavyotokana na petroli, navyo huacha madhara mapya mahali pa yale ya zamani. Ni kama kumfukuza panya kwa kumwingiza nyoka. Kisha akatoa vichupa viwili. Kimoja kilikuwa na fuwele za mnanaa, zile zinazotiwa kwenye dawa ya kusugua kifuani. Kingine kilikuwa na unga mweupe uliotokana na mafuta ya nazi. Vyote viwili vilikuwa vikavu. Akavichanganya, akavipasha moto kidogo, na mbele ya macho yao vitu viwili vigumu vikawa mafuta, na vilipopoa vikabaki mafuta.

Akawaeleza kwamba mafuta yale hayachanganyiki na maji, bali hupanda juu. Lakini ukiyakoroga pamoja na maji yenye risasi, risasi huyapenda mafuta kuliko inavyoyapenda maji, ikahama. Ukiyaacha yatulie, mafuta yanapanda nayo, na maji unayatoa kwa chini.

Wanafunzi wengine walinyanyua mabegi yao wakaondoka. Kubra alibaki amekaa. Akauliza, "Mwalimu, na kisima je?"

Erasto alimwambia ukweli, kwamba jambo hilo alilifanya kwenye chupa, hajalifanya kwenye maji ya mtaa mzima. Kubra akajibu kwamba na yeye shule aliifikisha darasa la saba tu, sasa anaendelea. Mwalimu akacheka, na kuanzia hapo wakawa na kazi.

*

Ndiyo maana Jumamosi hiyo uani palijaa watu. Kandokando ya kisima kulikuwa na birika la zamani la saruji, refu kama mtumbwi, ambalo Mohamedali alilijenga ili wanaokuja na punda wapate pa kunyweshea. Erasto alilichagua kwa sababu lilikuwa kubwa na lilikuwa na bomba chini. Na Kubra, kwa kuwa maulidi ilikuwa inakaribia na nyumba nyingi za Magomeni zilikuwa zinapakwa chokaa, alimwita mpaka rangi siku iliyotangulia, likapakwa birika nje na ndani, likang'aa kama kanzu ya Idi. Aliona si adabu kazi ya sadaka ifanyike ndani ya chombo chenye ukungu wa kijani. Kila aliyeingia alilisifu.

Erasto alikuwa ameyapima maji ya kisima mara nyingi, anayajua kama anavyojua wanafunzi wake. Birika lilipojazwa maji hayo alimwaga mafuta yake, yakatandaa juu ya maji yakiwa na rangi ya asali nyepesi, na harufu ya mnanaa ikajaa uani mpaka watu wakaanza kuvuta pumzi ndefu. Rukia, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, akasema angalau wenye mafua hawatarudi bure.

Mwalimu akaanza kukoroga kwa kafi ya mtumbwi. Akakoroga, akapumzika, akakoroga tena. Halafu akasema sasa tuyaache yatulie. Kubra aliwapitishia watu chai ya tangawizi. Wakanywa, wakazungumza habari za korosho na bei za mwaka huu, wakarudi kutazama.

Maji yalikuwa meupe. Si meupe kidogo, ni meupe kabisa, mazito, hayana juu wala chini. Mafuta hayakupanda popote. Yalikuwa yamepotelea humo kama sukari.

Rukia alisogea akachungulia. "Mwalimu," alisema, "tui limeiva. Nikalete mchicha?"

Watu wakacheka, na wale waliokuwa na huruma wakacheka kwa kuficha mdomo. Erasto hakucheka. Aliingiza chupa, akainyanyua juani, akaitazama, akaishusha.

Rukia hakuwa mtu mbaya. Mjukuu aliyeumwa alikuwa wake, na uchungu huo alikuwa hajaumaliza. Akamgeukia Kubra, akasema polepole ili kila mtu asikie, "Bi Kubra, maji ya bure tulikunywa, na ugonjwa wa bure tukapata. Sasa na sinema ya bure tumeona. Mimi narudi kwenye mihogo yangu."

Watu wakaanza kutoka mmojammoja. Bwana Lukasi, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia, alisubiri mpaka uani papungue. Alikuwa mtu wa haki, hapendi kumwaibisha mtu. Alisema, "Bi Kubra, mimi nakuombea, kweli. Lakini ikifika tarehe thelathini fundi atakuja na zege, na mimi ndiye nitakayemleta."

Kisha Hatim akatokea mlango wa duka. Alikuwa ametazama yote kutoka huko, akisingizia kuhesabu ndoano. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuona haya, "Dada, inatosha. Mwache baba apumzike."

"Baba atapumzikaje juu ya kisima kilichofukiwa?" Kubra alimjibu.

Hatim akarudi ndani. Kutoka dirishani ikasikika sauti ya Hajrabai, nyembamba, ikiuliza kwa nini watu wamekuja wakaondoka bila kuchota.

*

Erasto alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, magoti yamefika kifuani. Alianza kujilaumu kwa sauti ya chini. Alisema huenda mafuta hayakuchanganywa vizuri, huenda maji ya nchi hii ya matumbawe ni magumu mno, huenda alijivuna. Alisema alisali jana usiku, lakini labda aliomba sifa yake mwenyewe, si maji ya watu.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inakaribia, Kubra akaona kwanza aondoe vyombo vya chai. Kafi ilikuwa imeegemezwa kwenye birika. Akaichukua ili aisafishe, na ule weupe ukamchuruzika mkononi.

Akasimama. Akasugua vidole. Vilikuwa vinateleza.

Alipokuwa msichana, yeye na mama yake walikuwa wakipika sabuni uani hapohapo, kwa mafuta ya nazi na magadi. Ule utelezi aliujua kabla hajajua kusoma. Ni ule wa sabuni changa, ambayo haijakaza, inayokimbia kati ya vidole.

"Mwalimu," aliita. "Njoo ushike hapa. Hii si tui. Hii ni sabuni."

Erasto alikuja, akagusa, akasugua. Akatazama vidole vyake, halafu akamtazama yeye. Kubra alimkumbusha somo la mwezi uliopita, kwamba asidi ya mafuta ikikutana na besi huzaa sabuni. Mafuta wameyaleta wao. Lakini besi imetoka wapi? Kwenye kisima haimo. Maji ya kisima mwalimu amekwisha kuyapima.

Erasto alikuwa tayari amefungua mkoba wake, akatoa karatasi ya kupimia asidi na besi, akaichovya birikani. Ikawa ya bluu, bluu nzito kama wino. Akachota maji mapya kisimani, akachovya nyingine. Hiyo haikugeuka. Akapiga magoti mbele ya birika, akapitisha kiganja ukutani kwa ndani, na kiganja kikatoka cheupe.

"Bi Kubra, hili birika limepakwa lini?"

"Jana," Kubra alisema.

Besi ilikuwa chokaa. Chokaa mbichi, ya siku moja, iliyoyeyuka ndani ya maji na kuyageuza mafuta ya mwalimu kuwa sabuni. Yeye mwenyewe, kwa heshima yake, kwa maulidi yake, kwa kutaka kisima cha baba kionekane kizuri mbele za watu, ndiye aliyeiharibu kazi. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili, ile yenye sabuni na ile isiyokuwa nayo, na rida yake ya kijani, lile vazi la kufunika kichwa na mabega, ikapata alama ya vidole ambayo mpaka leo haijatoka.

Erasto alianza kucheka. Alicheka akiwa bado amepiga magoti, kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake hakufa, amelala tu. Akasema, "Hukuharibu kitu. Niliyapima maji, sikupima nyumba nilimoyaweka. Kosa ni letu wawili, na kosa likijulikana jina lake ni nusu ya dawa." Kisha akasema mafuta yake ni mazima, kisima ni kizima, wanachohitaji ni chombo kisichokuwa na chokaa. Mapipa ya plastiki. Mapipa ya bluu, makubwa, na mengi.

Kubra aliingia ndani akaswali adhuhuri. Siku hiyo alisujudu sijida moja ya ziada, ya kushukuru kwa ajili ya kosa.

*

Mapipa hayo dukani hayakuwepo. Mengi yalikuwa kwenye nyumba za watu, maana katika Magomeni, mnyororo ulipofungwa, kila nyumba ilijipatia pipa la kuhifadhia maji ya kununua. Kubra alijua ni lazima aende kuyaazima, na alijua mlango wa kwanza wa kubisha.

Rukia alikuwa anamenya mihogo. Hakumkaribisha kukaa, lakini hakumfukuza. Kubra alimweleza yote, chokaa na sabuni na aibu yake, bila kujipunguzia. Akamaliza, akangoja.

Rukia aliendelea kumenya. Baadaye akasema, "Kwa hiyo wewe, mtoto wa watu wa duka, umeoga elimu mpaka ukapika sabuni kisimani."

"Ndiyo."

"Na huyo mla ndizi wako wa Rungwe akakoroga."

"Kwa kafi."

Rukia alijitahidi, lakini kicheko kilimshinda, kikamtoka puani. Akafuta macho kwa kisigino cha mkono. Akasema kwamba katika mwaka mzima, watu wa nyumba ile walikuwa wameleta pole, na unga, na matunda kwa mtoto, lakini hakuna aliyewahi kuja kusema mbele yake, nimekosea. Akainuka, akamwaga maji yaliyobaki kwenye pipa lake, akalilaza.

"Lichukue, shoga. Lakini nalitaka lirudi safi kuliko linavyotoka."

Pipa la Rukia lilipoonekana likivingirishwa mtaani, mengine yalifuata. Tena wenye mapipa waliyaleta wenyewe, kwa sababu kila mmoja alitaka kuona litafanyiwa nini. Jumatatu alasiri Hatim alitoka dukani akiwa amekunja mikono ya shati. Alitoboa kila pipa kwa chini, akafunga bomba, akapaka gundi, akajaribu kama linavuja. Alikuwa fundi mzuri wa mikono, kama baba yake. Alipomaliza la mwisho alimwambia dada yake, bila kumtazama, kwamba betri nyingi kati ya zile alizivunja yeye. Kubra alimshika bega. Hayo yaliishia hapo.

Safari hii Erasto alipima kila kitu: maji, pipa, kafi, hata ndoo. Akatia siki kidogo, ili maji yawe na uchachu anaoutaka. Akamwaga mafuta, akamwachia Hatim akoroge. Halafu wakangoja. Hakukuwa na umati siku hiyo, alikuwepo Rukia tu na majirani wawili, na hakuna aliyetania.

Kwanza maji yalikuwa na wingu. Kisha wingu likaanza kupasuka. Vitone vya mafuta vilipanda, kimoja, kumi, mia, vikaungana juu kama watu wanaotoka msikitini na kukutana barazani. Tabaka la dhahabu likatulia, na chini yake maji yakabaki meupe, lakini weupe mwingine huu, weupe wa kioo. Unaona mpaka chini. Unaona bomba.

Erasto alifumba macho. Kubra alisema, "Alhamdulillahi." Rukia alisogeza uso karibu, akatazama kwa muda, akasema kwamba hapo hata yeye hana neno.

Lakini macho hayaoni risasi. Maji yalipitishwa kwenye mkaa wa vifuu ili yaondokane na harufu ya mnanaa, na Bwana Lukasi akajaza chupa zake mwenyewe, akazifunga mwenyewe, akazituma maabara. Akasema kipimo kimoja hakitoshi, anataka cha wiki nzima, na cha wiki inayofuata. Alikuwa na haki. Basi wakafanya kazi. Kila siku mapipa yalijazwa, yakakorogwa, yakatulia, yakachukuliwa chupa, na maji yenyewe yakamwagwa kwenye shimo la saruji, maana bado hayakuwa na ruhusa. Mafuta yaliyoshiba risasi Erasto aliyaosha kwa tindikali kidogo. Risasi ikatoka, ikageuzwa unga wa kijivu, ukatiwa chupani na kufungwa kwa nta, na Bwana Lukasi akauchukua. Mafuta yakarudi kazini kama mfanyakazi aliyeoga akapumzika. Kubra aliona hilo ndilo la ajabu kuliko yote. Aliitazama ile chupa ndogo akafikiri kwamba miaka yote ya moto wa baba yake ilikuwa inaanza kuingia humo, kijiko kwa kijiko.

Maulidi ikaja, ikasomwa, watu wakala pilau, na kisima bado kina mnyororo. Usiku huo Hajrabai aliuliza swali lake. Kubra alijibu, "Karibu, Mama." Lilikuwa neno jipya, na mzee alilisikia.

*

Jumamosi ya mwisho ya Septemba Bwana Lukasi alikuja kwa miguu, bila fundi na bila zege. Tayari watu walikuwa wamejaa mtaani, maana kitu hakifichiki Magomeni. Alisimama mlangoni, akakohoa. Alikuwa amezoea kutoa habari mbaya, na habari njema ilimpa shida kuianza.

Akaeleza kwamba mpaka unaoruhusiwa wa risasi ni mikrogramu kumi katika lita moja ya maji. Maji ya kisima hiki, kabla, yalikuwa na themanini na kitu. Akasema chupa zote alizozituma, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, majibu yake yamerudi.

"Tatu," alisema. "Nyingine nne. Hakuna iliyovuka nne. Bi Kubra, Mwalimu, maji haya ni ya kunywa."

Halafu Rukia akapiga kigelegele, na baada ya hicho hakuna aliyeweza kuhesabu vingine. Hatim alikaa chini palepale mlangoni, akafunika uso. Erasto alinyanyuliwa na vijana wa bandarini, yeye na urefu wake wote, akaomba ashushwe kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Bwana Lukasi alitoa ufunguo, akahangaika na kufuli lililoshika kutu kwa chumvi ya bahari, na mnyororo ukaanguka.

Swali likawa nani anywe kwanza. Wengine walisema Mwalimu. Mwalimu alisema mama wa nyumba. Rukia alisema anywe mtu wa familia, mbele ya wote, ili roho za watu zitulie. Kabla hawajaafikiana mlango wa ndani ulifunguka, na Hajrabai akatoka, akiongozwa na fimbo yake na masikio yake. Alikuwa hajafika uani tangu masika. Akanyoosha mkono. Kubra alijaza kikombe kutoka bomba la pipa, akampa. Mzee alikunywa taratibu, akapumzika, akamaliza.

"Watu wachote," alisema.

Na walichota, kwenye mabomba ya mapipa. Rukia alikuwa wa kwanza, kwa ndoo, kisha akajaza kikombe akampa yule mjukuu wake aliyeumwa, naye mwenyewe akashika ukingo wa kikombe mpaka mtoto alipomaliza. "Mungu amrehemu mzee," alisema. Aliyefuata alisema. Aliyemfuata akasema. Hajrabai alisimama pale uani, uso ameuinua, na kila neno lilipopita alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu za aliye safarini. Kubra alimtazama, akahisi moyo wake umejaa mpaka juu. Baba yake alikuwa anaombewa tena, na safari hii kwa maji ambayo hakuna mtoto atakayeyalipia kwa damu yake.

Ndipo mzee mmoja wa mtaa akasema, pasipo ubaya, kwamba maji wameyaamini zamani pia. Nani atawaambia yakibadilika?

Lilikuwa swali la haki. Ndoo zikasimama. Kubra alimtazama Erasto, akamtazama Hatim, lakini alijua si wao walioulizwa. Alipanda juu ya ngazi ya kisima ili wote wamwone.

"Mbele ya Mwenyezi Mungu," alisema, "na mbele ya mama yangu, na Bwana Lukasi, na Rukia, na nyinyi nyote mliosimama hapa, mimi Kubra binti Mohamedali naahidi. Kila mwezi maji haya yatapimwa, na majibu nitayatangaza hapa mlangoni kwa sauti, yawe mazuri, yawe mabaya. Na siku yakiwa mabaya sitangoja ofisi ije. Mlango huu nitaufunga mimi, kwa mkono wangu, kabla mtoto wa mtu yeyote hajatia kikombe."